Mwaka Elina Alipotulia

Vijana wangu wa kitengo,

Keki yenu niliila, kitenge nimeshakishona, na saa ya ukutani mliyonipa naitazama hapa ikinionyesha saa mbili asubuhi, muda ambao kwa miaka mingi nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu vya watoto. Sijui ni nani kati yenu aliyefikiri kwamba mtu anayestaafu anahitaji saa. Lakini ahsanteni sana.

Mwalimu mkuu aliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi yetu, "mambo yatakayowajenga." Nimejaribu, naona nina jambo moja tu la maana, na hilo halijengi. Happy, siku nilipokukabidhi kabati uliniuliza mbona madaftari yangu manne ya kwanza yana safu mbili kila ukurasa, na kuanzia la tano yana safu tatu. Nikakujibu kwamba nilipata rula nzuri. Ukacheka. Ule ulikuwa uongo, na umenikaa kooni tangu siku hiyo. Safu ya tatu imetokana na mtoto mmoja, Elina, na masikio yake, na mimi nimo katika yaliyoyapata masikio hayo. Nawaambia mapema ili asiwepo wa kudhani naelekea kwenye kujisifu.

Nilifika kitengoni mwezi wa kumi, kwa barua ya uhamisho ambayo sikuiomba. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Nilikuwa na fimbo na sauti, nikaamini hivyo viwili vinatosha kumfundisha yeyote. Siku hiyo upepo wa Dodoma ulikuwa umechachamaa. Mnaujua wenyewe: saa nne haijafika vumbi limeshajaa mdomoni, chamchela zinazunguka uwanjani zikirusha makaratasi, na bati lililolegea misumari linagonga mbao mpaka jioni. Dari hatukuwa nalo. Tuliambiwa dari linakuja. Nimestaafu, bado linakuja.

Ndani kulikuwa na watoto kumi na mmoja wenye usonji, na mimi neno lenyewe usonji nilikuwa nimelisikia kwa mara ya kwanza wiki ile. Mmoja alikuwa anakimbia ukuta hadi ukuta. Mwingine amevua shati. Wawili wanalia, mmoja anajipiga paji la uso kwa ngumi. Nikapaza sauti: "Nyamazeni!" Aliyekuwa karibu akaning'ata mkono. Mwalimu Ndahani, mkuu wa kitengo wakati huo, Mgogo mmoja mrefu aliyevaa sweta la kijivu hata kwenye joto, hakuinuka. Alikuwa amekaa mlangoni anatazama nje.

"Pole, Mwalimu Mwanaidi," akasema. "Umeng'atwa na upepo."

Nilidhani ananidhihaki, nikachukia. Yeye akainuka, akapanda juu ya meza, akachomeka kipande cha mpira wa kandambili kati ya bati na mbao, kelele ikakatika. Akafunga dirisha la upande wa vumbi. Akamfuta usoni kila mtoto kwa kitambaa kilicholowa. Baada ya muda mfupi wote walikuwa wamekaa, isipokuwa mimi niliyekuwa nimesimama nimeshika mkono wangu kama mjinga.

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Kila asubuhi, kabla ya kusalimia mtu, alifungua kaunta buku lake. Safu ya kushoto aliandika mbingu: upepo, joto, mawingu, baridi. Safu ya kulia aliandika watoto: nani kalia, nani hakula, nani kajipiga, saa ngapi. Alikuwa na msemo wake: "Kabla hujauliza mtoto ana nini, toka nje kwanza utazame mbingu." Wazazi wengine wakati ule walisema mapepo huamka na upepo, wakawapeleka watoto kwa waganga kila Septemba. Mwalimu Ndahani hakubishana nao. Aliwafungulia daftari tu, akawaonyesha miaka mitatu kwa mpigo, mwezi kwa mwezi, na wengi wakaondoka wametulia kuliko walivyokuja.

Nami nikaanza la kwangu. Nilizaliwa Kondoa, Mrangi wa milimani, nikidhani mwaka wa huku naujua. Kumbe sikuujua. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikishuka, shida ni sweta: linawasha, lina uzito, halikuwepo jana. Septemba ni upepo. Novemba ni joto linalowanyima usingizi, wakaja asubuhi macho mekundu, ukiwagusa tu wanalipuka. Kisha mvua ya kwanza: kishindo juu ya bati, harufu ya udongo, kumbikumbi wanaingia madirishani, na ardhi waliyoizoea inageuka tope. Mtoto wa kawaida hukimbia nje kucheza. Wa kwetu anaweza kuona kwamba dunia imebadilishwa bila yeye kuulizwa. Halafu wa Mlali na vijiji vya huko wanachukuliwa kwenda shambani na wazazi wao, wakirudi tunaanza moja. Si wote walikuwa hivyo, nisiwadanganye. Wapo waliopenda mvua wakaloa hadi wakapata mafua.

Nawakumbusha Baraka wa mtaa wa Kikuyu, mnayemjua kwa jina kwa sababu ya lile sweta kabatini. Alikataa sweta wiki tatu, akalikubali, kisha hakulivua tena. Oktoba jua linachoma, Baraka amejifunga sweta anatokwa jasho mpaka anazimia. Kumvua kwa nguvu ilikuwa vita. Nikaanza kukata mikono ya sweta kwa mkasi, upana wa vidole viwili kila Ijumaa, yeye akiwa anatazama. Kufikia Novemba lilikuwa kizibao. Baba yake akaja juu: "Mwalimu, nilinunua sweta, hili nini?" Nikamwambia, hili ni amani. Alinuna, lakini mwaka uliofuata alileta sweta kuukuu mwenyewe na mkasi juu yake.

Ilinivimbisha kichwa, ile. Nilianza kujiona najua.

Elina aliletwa akiwa na miaka saba, na mama yake aliyekuwa akiuza mboga Ihumwa, karibu na reli. Mama Elina ni Msandawe, mzaliwa wa upande wa Chemba, mwanamke wa maneno machache. Lugha yao ina vidoko, zile sauti za ulimi kugonga kaakaa. Elina hakuwa na neno hata moja la Kiswahili, wala la kwao. Lakini vidoko alikuwa navyo. Mama yake akipiga kimoja pale mlangoni, Elina huku ndani bila kugeuka anajibu kwa kimoja. Akipiga viwili, anajibiwa viwili.

"Shikamoo Mwalimu," aliniambia siku ile ya kwanza. "Wananiambia huyu hajui kuongea. Mimi ananijibu."

"Marahaba. Anasema nini?"

"Hasemi kitu. Ananiambia yupo."

Nami nilijaribu, nikapiga kidoko changu cha Kirangi kisicho na kichwa wala miguu. Elina akanitazama kwa mara ya kwanza, akacheka. Jamani, kile kicheko! Kwa miaka mitatu, asubuhi yangu ilianza kwa kidoko cha Elina.

Ila masikio yale yaliyosikia kidoko cha mama kupitia ukutani yalisikia na kila kitu kingine. Upepo ukianza alijiziba kwa viganja. Mvua ya kwanza alijitupa chini ya meza akapiga ukelele mpaka sauti ikakauka. Tukamfanyia kama Mwalimu Ndahani alivyokuwa akiwafanyia wote wa aina yake: kuanzia Septemba, kila asubuhi, vipira viwili vya pamba laini, kimoja kila sikio, kisha kitambaa kinafungwa kichwani kuvizuia. Jioni tunavitoa. Ilisaidia. Mama yake nyumbani akaongeza la kwao, matone ya mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto kidogo, kulainisha. Basi nikazoea kutoa pamba iliyolowa, yenye rangi ya njano ya alizeti. Sikuitazama tena mara ya pili.

Mwaka Elina alipofikisha miaka kumi, Mwalimu Ndahani alikuwa ameshastaafu na kitengo kilikuwa changu. Elina alianza kujishika masikio mwezi wa nane, mapema kuliko kawaida. Nikatoka nje, nikatazama mbingu, nikaona kweli upepo umewahi. Nikaandika: *Upepo umewahi. Elina naye amewahi.* Nakumbuka nilivyoipenda sentensi hiyo. Akaanza kugonga upande wa kichwa ukutani. Akaacha kutafuna, anataka uji tu. Nikaandika. Nikamwekea pamba nzito zaidi.

Asubuhi moja ya Septemba Mama Elina hakuondoka baada ya kumleta. Alisimama.

"Mwalimu, mtoto halali. Mwili unachemka. Nimeacha na yale mafuta, wiki mbili sasa, hataki nimguse. Nataka nimpeleke hospitali."

Sikilizeni nilichomjibu, maana nimekirudia kichwani mara nyingi kuliko sala. Nilimwambia: "Mama Elina, hospitali kuna foleni, kuna kelele, atachafuka zaidi. Ni upepo huo. Kila mwaka si ndiyo hivi? Subiri mvua inyeshe, atatulia." Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha miaka mitatu, mwezi kwa mwezi, kama nilivyofundishwa.

Akatazama zile safu. Kusoma alisoma kidogo. "Haya, Mwalimu. Wewe ndiye unayejua," akasema, akaenda kuuza mboga.

Jioni ile nilitoa pamba. Ilikuwa imelowa, ya njano. Ilinuka. Nami nilikuwa nimeambiwa asubuhi ile ile, kwa Kiswahili safi, kwamba mafuta yameachwa wiki mbili. Nikasema moyoni, alizeti imechacha. Nikanawa mikono, nikaandika hali ya hewa.

Wiki zikapita, Elina akaanza kutulia mwenyewe. Oktoba hakugonga ukuta. Novemba, wenzake wakiwa moto, yeye alikuwa amekaa anapanga vizibo vya soda kwenye uzi. Mvua ya kwanza ilishuka mchana, ile ya kishindo inayomfanya hata mwalimu anyamaze. Watoto wote wakaenda chini ya meza. Elina akabaki kwenye kiti chake. Akachukua kizibo chekundu, akakitunga, akachukua cha kijani. Nililia kwa furaha, wallahi. Niliandika kwa herufi kubwa: *MVUA YA KWANZA. ELINA AMETULIA.* Nikampigia mama yake simu, nikamwambia si nilikuambia?

Januari afisa mmoja wa elimu akapata habari. "Mwalimu Mwanaidi, hii ni kitu kubwa. Lazima uje semina ufanye presentesheni." Nikaenda na kitenge kipya. Nikasimama mbele ya walimu wa wilaya kadhaa nikaeleza habari za pamba, kitambaa, na uvumilivu. Wakanakili. Mpaka leo sijui ni wangapi waliorudi shuleni kwao wakaweka pamba masikioni mwa watoto.

Mwezi wa pili Mama Elina akaja saa ya mapumziko. Hakunisalimia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla wala baada.

"Mwalimu, mwanangu hanijibu."

Akapiga kidoko pale mlangoni. Elina alikuwa ametupa mgongo. Akapiga viwili. Akasogea hatua, akapiga tena, kwa nguvu. Mimi nikachukua kifuniko cha sufuria ya uji nikakiachia kwenye sakafu nyuma ya kiti cha mtoto. Watoto wengine wakaruka. Elina akaendelea na vizibo vyake. Aligeuka baadaye, alipoona kivuli changu, akanitazama kama kawaida, akatabasamu.

Hospitali tulikwenda pamoja, na foleni niliyomtishia nayo mama yake, Elina aliikaa kimya saa tatu nzima, maana hakuna kelele iliyomfikia. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimulika sikio la kushoto. Akamulika la kulia, akachukua koleo jembamba, akavuta taratibu, akaweka kitu kwenye kisahani. Kilikuwa kipande cha pamba kilichokatikia ndani, kimeoza, cheusi.

"Ngoma zote mbili zimekwisha, na ugonjwa umeingia ndani zaidi," akasema. "Haya masikio yameuma miezi. Angeletwa mapema, kwa dawa za kawaida tu…" Kisha akauliza, bila ubaya, kwa sababu ilimbidi aandike: "Hii pamba aliiweka nani?"

"Mimi," nikasema.

Mama Elina alikuwa amempakata mwanawe. Hakunilaumu kwa neno lolote, si pale, si njiani, si mpaka leo. Angenitukana ningepona kidogo.

Nilikwenda Mlali kumwona Mwalimu Ndahani. Nilimkuta shambani anapalilia karanga na lile sweta lake. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama kwenye tuta. Aliegemea jembe.

"Ile pamba ulikuwa unainusa?" akauliza.

"Niliinusa."

Akatikisa kichwa, akarudi kupalilia, nami nikavua viatu nikapalilia naye mstari mzima kwa sababu sikujua la kufanya. Wakati wa kuondoka alinifungia karanga kwenye mfuko. Alikufa mwaka uliofuata, na msemo wake ule wa mbingu sikumsikia akiutamka tena.

Vidoko vya Elina havikukatika siku moja. Vilianza kuharibika. Alipiga wakati hakuna aliyemwita, vikawa vizito, vikawa vinatoka nusu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Niliviandika vyote, tarehe kwa tarehe, kwenye daftari la nne, kurasa za mwisho. Happy, ukifungua utaviona, ni ile mistari midogo uliyodhani ni hesabu ya chaki. Kufikia masika yaliyofuata hakukuwa na cha kuandika. Mama yake aliendelea kuja mlangoni na kupiga kidoko chake kila jioni. Nadhani hadi leo anapiga.

Daftari la tano ndimo nilimochora safu ya tatu, na niliiweka ya kwanza kushoto, kabla ya mbingu. Ni safu ya mwili. Asubuhi mtoto akibadilika, unaanza hapo: masikio, meno, koo, tumbo, haja, ngozi, nyayo. Unatazama, unagusa, unanusa, na ukinusa kitu unauliza. Huyu hawezi kukuambia jino linauma. Atakachokifanya jino likiuma ndicho hicho hicho anachokifanya upepo ukivuma, atagonga ukuta ule ule. Mzazi akisema hospitali, ni hospitali, siku hiyo hiyo, na mwalimu anakwenda naye kusaidia foleni. Safu ya kwanza ikishajaa na mtoto ni mzima, ndipo utoke nje utazame mbingu, nayo bado ina mengi ya kukuambia. Na mtoto akitulia ghafla, msifurahi kabla ya kumpima. Pamba kitengoni ni ya vidonda tu.

Sasa niwaambie kuhusu ile sherehe yenu, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mtakumbuka mvua ilitukatiza. Ilikuwa ya kwanza mwaka huu, na ilishuka mgeni rasmi akiwa katikati ya hotuba. Watoto wakaingia chini ya meza, nyie mkakimbilia kuwashika, mambo yakawa kama siku zote. Katikati ya ukumbi, kwenye kiti cha plastiki kando ya mama yake, alikuwa amekaa dada mmoja mwenye gauni la bluu, anakula keki taratibu, kijiko kwa kijiko, hana habari. Wengi wenu hamkumjua. Mgeni rasmi akamwona. Akasogeza kipaza sauti mdomoni, akapiga kelele juu ya ile mvua:

"Mnamwona yule binti alivyotulia? Hayo ndiyo matunda ya Mwalimu Mwanaidi!"

Mkapiga makofi, nyote, kwa kushindana na bati. Happy, ulikuwa unafuta machozi. Mimi nikamtazama Mama Elina, naye akanitazama. Kisha nikapewa kipaza sauti. Miaka yote hii nilijiambia kwamba nikipewa nafasi mbele za watu nitasema. Nikasema ahsanteni, Mungu awabariki, nikakaa.

Elina aliona mikono yenu inapigwa, akaweka kijiko chini, akaanza kupiga yake. Nyie mliacha mgeni rasmi alipokaa. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viganja vyake mwenyewe, akaendelea kupiga, akaendelea, mpaka mama yake alipomshika mikono.